Muhuri wa Posta: Shahidi wa Siku ya Kwanza ya Taifa

Barua inapofika nyumbani, jicho la mpokeaji hukimbilia jina la mwandishi, na jicho la mtoto hukimbilia stempu yenye rangi. Ule mduara mweusi uliogongwa juu ya stempu, wenye jina la mji pembeni na tarehe katikati, ni wachache wanaousoma. Aghalabu huonekana kama uchafu ulioiharibu picha nzuri. Hata hivyo, atakayetaka kuijua historia ya nchi hizi za pwani katika miaka ilipopata uhuru wake, hana shahidi mdogo wa umbo na mkubwa wa maana kuushinda muhuri huo.

Wiki hii tumeona ni vyema tuwaletee wasomaji wetu habari zake, hususan mihuri na chapa zilizogongwa kuadhimisha kuzaliwa kwa mataifa mapya, Tanganyika mwaka 1961 na Zanzibar mwaka 1963 na 1964. Tunafanya hivyo kwa sababu bahasha zenye mihuri hiyo bado zimo majumbani mwetu, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, nazo zinapotea moja baada ya nyingine.

Kazi ya muhuri

Stempu na muhuri ni vitu viwili tofauti. Stempu ni risiti ya malipo: inaonyesha kwamba mtumaji amelipa ada ya posta. Muhuri una kazi mbili. Kwanza, huiua stempu ili isitumike tena. Pili, hushuhudia kwamba barua ile ilipita katika ofisi ile, siku ile. Ndiyo maana karani wa posta hubadilisha tarimu za tarehe kila asubuhi kabla ya kugonga barua ya kwanza.

Muhuri wa kwanza wa posta wenye tarehe ulibuniwa London mwaka 1661 na Henry Bishop, aliyekuwa msimamizi wa posta ya Uingereza, ili kuwajibu watu waliolalamika kwamba barua zao hucheleweshwa. Stempu ya kubandika ilikuja baadaye sana, mwaka 1840. Kwa hiyo muhuri umeitangulia stempu kwa miaka 179.

Kisha yakazuka matumizi ya tatu. Posta zikaanza kuchonga mihuri maalumu kwa tukio maalumu: maonyesho, ziara ya mfalme, ufunguzi wa reli, sikukuu ya taifa. Muhuri wa namna hiyo hugongwa kwa siku moja au siku chache tu, kisha ukawekwa kando. Huo ndio muhuri wa ukumbusho. Ndugu yake wa karibu ni ule unaogongwa juu ya bahasha siku ya kwanza ya kutolewa kwa stempu mpya.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Imesihi katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba wao hawaisomi barua isiyo na muhuri, naye akaagiza pete ya fedha iliyochorwa jina lake na cheo chake cha utume. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar aliletewa hati ya deni iliyotajwa mwezi wa Shaaban, akauliza ni Shaaban ipi: iliyopita, hii iliyopo, au ijayo? Kutokana na mikanganyiko ya aina hiyo ikawekwa kalenda ya Hijria. Muhuri na tarehe: hivyo viwili ndivyo vilivyomo katika mduara wa posta.

Bagamoyo yapata mduara wake

Kabla ya posta ya serikali, barua za pwani yetu zilisafiri kwa mkono wa nahodha, wa mfanyabiashara au wa hujaji. Nyingi ziliandikwa kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na juu yake ziliandikwa dua kwamba zifike salama. Ofisi ya kwanza ya posta katika eneo hili ilifunguliwa Unguja mwaka 1868, nayo ilikuwa tawi la posta ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Stempu zilizouzwa hapo zilikuwa za India.

Upande wa bara, ofisi za kwanza zilifunguliwa na Wajerumani tarehe 4 Oktoba 1890, Bagamoyo na Dar es Salaam. Tuipime tarehe hiyo. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya utawala wa Kijerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Haijatimia miezi kumi tangu siku hiyo, jina la Bagamoyo likawa limechongwa katika chuma cha posta ya Kijerumani. Zikafuata Tanga, Pangani, Saadani, Kilwa na Lindi. Kwa mgeni huo ulikuwa muhuri wa barua. Kwa wenyeji ulikuwa pia tangazo la nani anayetawala.

Tangu hapo, kila mtawala aliyekuja aliuandika ujio wake kwenye bahasha. Mwaka 1893 stempu za Ujerumani zilipigwa chapa ya thamani ya pesa, kwa hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza waliiteka Mafia mwaka 1915 na kugonga neno MAFIA kwa mkono juu ya stempu za Kijerumani walizozikuta. Bagamoyo ilitekwa Agosti 1916. Mwaka 1922 zikatoka stempu zenye kichwa cha twiga na jina Tanganyika, na kuanzia mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikatumia stempu za pamoja. Mpangaji alibadilika, nyumba ikabaki ile ile: jengo la posta ya zamani bado limesimama katika mji mkongwe wa Bagamoyo.

Muhuri hutangulia, stempu hufuata

Mataifa yaliyopata uhuru baada ya Vita Kuu ya Pili yalikumbana na tatizo moja. Stempu huchukua miezi mingi kuandaliwa. Lazima ichorwe, iidhinishwe, ichapwe, mara nyingi ng'ambo, kisha isafirishwe kwa meli. Historia haisubiri ratiba hiyo.

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Stempu ya kwanza ya taifa hilo ilitoka tarehe 21 Novemba, zaidi ya miezi mitatu baadaye. Siku yenyewe ya uhuru barua zilibeba stempu zenye sura ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza, lakini posta iligonga juu yake muhuri wa ukumbusho wenye maneno JAI HIND, yaani ushindi kwa India. Pakistan nayo, iliyozaliwa siku zile zile, ilianza na stempu za India zilizogongwa neno PAKISTAN, na katika miji mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, baadhi ya stempu zake zilikuwa zile zile za Gold Coast, zikiwa zimepigwa chapa ya jina jipya na tarehe ya uhuru.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti kubwa. Stempu husema yale ambayo serikali ilipanga kuyasema. Muhuri husema yale yaliyotokea, mahali yalipotokea, siku yalipotokea. Historia ya nchi yetu inalithibitisha hilo kwa namna mbili tofauti, moja ya utulivu na moja ya kishindo.

Desemba 1961: kila kitu kwa mpango

Uhuru wa Tanganyika ulikuja kwa makubaliano, na tarehe yake ilijulikana mapema. Kwa hiyo posta iliweza kujiandaa. Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1961, seti mpya ya stempu iliwekwa madirishani, za thamani ya senti 5 hadi shilingi 20. Zilionyesha mwalimu na wanafunzi, uchumaji wa kahawa, uvunaji wa mahindi, bendera mpya, simba wa Serengeti na bandari ya Dar es Salaam. Iliyopendwa na wengi ni ya shilingi moja na senti 30, yenye mwenge ukiwaka juu ya Mlima Kilimanjaro. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwishautaja mwaka 1959 mwanga utakaowashwa juu ya mlima huo na kuangaza nje ya mipaka yetu.

Wakusanyaji na watu wa kawaida walibandika stempu hizo juu ya bahasha na kuzigongesha muhuri siku ile ile. Zimebaki bahasha nyingi za siku hiyo zenye jina la Dar es Salaam na tarehe 9 Desemba 1961. Mwenye kuishika moja ameishika siku yenyewe, kwa maana karatasi ile ilikuwapo katika ofisi ya posta ya nchi huru, siku ya kwanza ya uhuru wake.

Tazama sasa jinsi stempu ilivyochelewa hata palipokuwa na maandalizi. Usiku wa kuamkia Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera katika kilele cha Kilimanjaro. Picha ya kupandishwa kwa bendera hiyo ilionekana kwenye stempu mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri.

Lipo na jambo jingine la kuzingatia. Taifa lilikuwa jipya, lakini posta haikuwa yake peke yake. Huduma hiyo iliendelea kuwa ya pamoja na Kenya na Uganda hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Barua ya Bagamoyo iliweza kubandikwa stempu ya Tanganyika au stempu ya pamoja ya nchi tatu, na zote zilikuwa halali. Penye mchanganyiko huo, muhuri ndio uliosema kwa uhakika barua imetoka wapi.

Zanzibar: neno JAMHURI lagongwa kwa mkono

Ng'ambo ya mkondo wa bahari mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na siku hiyo zilitoka stempu nne zenye maneno UHURU 1963. Moja ilichorwa karafuu, nyingine mlango wa Kizanzibari, nyingine pango la Mangapwani. Ile ya shilingi moja na senti 30 ilichorwa misikiti na makanisa, kuonyesha kuvumiliana kwa dini. Pamoja nazo ziliendelea kutumika stempu za mwaka 1961 zenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa, ingawa yeye mwenyewe alikwishafariki Julai 1963.

Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Sultani Jamshid akaondoka, Jamhuri ikatangazwa. Ghala la posta likabaki limejaa stempu zenye sura ya Sultani, na watu wana barua za kupeleka. Kuwaeleza jamaa wa ng'ambo nani yu hai na nani hayupo lilikuwa jambo lisilongoja stempu mpya kutoka kwa wachapaji wa nje.

Jawabu lilikuwa muhuri. Ulitengenezwa muhuri wa mkono wenye maneno mawili, JAMHURI na 1964, ukagongwa kwa mshazari juu ya stempu za zamani, zikiwamo zile za UHURU 1963. Stempu hizo zilianza kutolewa tarehe 17 Januari, siku ya tano baada ya Mapinduzi. Ilikuwa Ijumaa, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1383 Hijria. Makarani waliogonga chapa zile walikuwa na wino na haraka. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: baadhi ya chapa zimegongwa juu chini, baadhi mara mbili, baadhi zimefifia upande mmoja. Baadaye ikaja chapa safi iliyopigwa kiwandani Uingereza, na mwezi Juni zikatoka stempu mpya kabisa za Jamhuri.

Wakusanyaji wa dunia nzima huzitafuta zile za mkono, na waghushi nao hawakubaki nyuma. Sisi tunaziangalia kwa jicho jingine. Stempu ya UHURU 1963 yenye picha ya misikiti na makanisa, iliyogongwa juu yake JAMHURI 1964, imebeba serikali mbili zilizopishana ndani ya wiki tano. Mwenye huzuni ya siku zile ataiona huzuni yake, na mwenye furaha ataiona furaha yake. Muhuri haukuwahukumu. Umeshuhudia tu. Kwa watu wa mwambao wenye jamaa pande zote mbili za bahari, ushahidi usio na matusi wala majigambo ni neema.

Jina linalokimbia kuliko stempu

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Tarehe 7 Julai zikatoka stempu za ukumbusho zenye jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kwa Kiingereza. Hazikutimiza miezi minne kabla ya jina hilo kupitwa, kwani tarehe 29 Oktoba lilitangazwa jina Tanzania. Seti kamili ya stempu za kawaida zenye jina hilo ilitoka tarehe 9 Desemba 1965. Zanzibar iliendelea kutumia stempu zake hadi mwisho wa mwaka 1967, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 stempu za Tanzania zikawa za pande zote mbili.

Kwa hiyo, kati ya mwaka 1961 na 1968, bahasha moja inaweza kusomwa kama kalenda. Sura ya Sultani, UHURU, JAMHURI ya mkono, JAMHURI ya kiwandani, Tanganyika, Tanzania: kila moja ina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Muhuri wa tarehe ukisomeka, mtu hahitaji hata kukisia.

Tundu la mkasi

Faida ya elimu hii si ya wakusanyaji pekee. Katika kazi za kamati tulipata kuletewa barua kutoka kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini. Mwandishi wake, aliyekuwa akiishi Unguja na ambaye sasa ni marehemu, alimwarifu nduguye kwamba sehemu ya shamba lake la minazi, pamoja na kisima, ameitoa wakfu kwa ajili ya madrasa. Barua imeandikwa vizuri, nayo inataja siku: Jumatatu, Mfunguo Tano. Mwaka haukutajwa.

Warithi hawakugombania wakfu wenyewe. Waligombania wakati. Sehemu ya shamba hilo ilibadilisha mikono mwaka 1965, na ikiwa wakfu ulitangulia, basi kilichouzwa hakikuwa mali ya muuzaji. Mzee mmoja alisema barua ilifika kabla ya Mapinduzi. Mwingine alisema ni baada ya Muungano, miaka kadhaa. Wote wawili ni wakweli, na wote wawili wamezeeka.

Bahasha ilikuwapo. Lakini kwenye pembe ya kulia ya juu palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa mkasi. Mtoto fulani, zamani, aliitaka stempu kwa ajili ya daftari lake, na mduara wa tarehe ukaondoka nayo. Mwaka mmoja uliochapwa kwa tarakimu ndogo ungetosha. Hata neno JAMHURI peke yake lingepunguza nusu ya mjadala. Shauri hilo halijaisha, na minazi inaangusha nazi bila kujulikana ni za nani. Ni swali lile lile la Sayyidna Umar, ni Shaaban ipi, nasi tunaliuliza katika zama za posta kwa sababu ya mkasi.

La kufanya majumbani

Tunawaomba wazazi na walezi wayazingatie haya, ambayo hayahitaji fedha.

Kwanza, msikate stempu kutoka kwenye bahasha, na msiiloweke bahasha majini ili stempu ibanduke. Bahasha nzima yenye stempu na muhuri ina thamani ya historia kuliko stempu iliyotengwa, na mara nyingi hata kwa fedha inaizidi. Mwanafunzi anayependa stempu afundishwe kuzikusanya pamoja na bahasha zake.

Pili, barua isitenganishwe na bahasha yake. Barua ina maneno, bahasha ina tarehe na mahali. Geuzeni na upande wa nyuma, kwani ofisi zilizoipokea barua njiani zilikuwa zikigonga mihuri yao huko.

Tatu, hifadhini mahali pakavu. Hewa yetu ya chumvi na mchwa wetu hawana huruma na karatasi. Kasha la mbao au bati lenye mfuniko, lililoinuliwa kutoka sakafuni na kufunguliwa mara kwa mara lipate hewa, linatosha. Msitumie gundi wala utepe wa kunata.

Nne, keti na mzee wako, mwoneshe bahasha, umuulize: huyu aliyeandika ni nani, na alikuwa wapi? Andika majibu kwenye karatasi ya pembeni, wala si juu ya bahasha yenyewe. Wengi walipokea barua zao kupitia sanduku la posta la msikiti, la shule au la duka la Mhindi, kwa hiyo jina lililo juu ya bahasha huenda si la aliyeisoma.

Tano, akija mnunuzi, msiuze kabla hamjasoma. Pigeni picha pande zote mbili, someni tarehe, jueni mnachokitoa.

Leo habari zetu hupita kwenye simu, na simu ikiharibika hupotea nazo. Kizazi cha mwaka 1961 na 1964 kilituachia karatasi zilizogongwa tarehe na mji. Ijumaa hii baada ya swala, atakayerudi nyumbani na kulifungua kasha la babu yake, aanze kwa kutazama pembe ya kulia ya juu. Mduara ukiwa bado upo, ausome polepole, kisha aufunike vizuri.